Mkunga na Sala ya Mama Yake

Mkunga alikuwa akikunja sare za mwaka wake wa kujitolea ng'ambo aliposikia mama yake akisali chumba cha pili. Mbele ya watu, mama humwombea safari njema. Leo, akidhani mwanawe yuko bafuni, alinong'ona, "Ee Mungu, hao waliomkubali wamkatae hata dakika ya mwisho."

Mkunga akaitupa sare. Miaka yote amesali kabla ya kumpokea kila mtoto. Kumbe sala ni kuvutana tu, na Mungu ndiye kamba? Akasukuma mlango.

"Mama, unaniombea nikwame?"

Mama hakuinuka magotini. "Na wewe unaomba nini?"

 Tangu barua ya kukubaliwa ifike, Mkunga alikuwa hajaomba lolote, akiogopa asije akaomba hilohilo la mama.