Mpangaji Aliyekula Chakula cha Hooyo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema. Nauza nguo sokoni Garissa. Mteja akisifu kitambaa kupita kiasi, najua kesho atakirudisha. Kwa hiyo Desemba ile, shule zilipofungwa na walimu wa bara wakapanda mabasi kwenda kwao Krismasi, halafu mpangaji wangu, mwalimu mwenzao, peke yake akabaki katika chumba cha uani, nilianza kumchunguza.

Mtu gani hana kwao? Nilimuuliza, akajibu, "Mwaka huu napumzika tu, Mama." Jibu fupi namna hiyo lina mkia. Nikawaza polisi, nikawaza mume, nikawaza na mengine ambayo siyaandiki.

Lakini shida kubwa ilikuwa ndani ya nyumba. Mama yangu, Hooyo, nilikuwa nimemtoa Banissa baada ya ukame kummalizia ngamia na mbuzi wake, na tangu afike alikuwa hali chakula. Kila asubuhi nilimpikia wali na nyama laini, nikafunika sahani, nikaenda dukani. Jioni naikuta vilevile, wali umekauka juu. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Daktari hakuona ugonjwa. Niliogopa, niseme ukweli, kwamba nimemleta mjini kufa.

Kisha, wiki ya pili ya likizo, sahani zikaanza kurudi tupu. Tupu kabisa, tena zimeoshwa. Mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Mimi nilijiuliza: tangu lini Hooyo anaosha sahani kwa sabuni? Na nilipomwona mpangaji akianika nguo, mashavu yamejaa, jibu nikalipata. Mwanamke mzima anamlia mzee chakula chake!

Siku moja nilifunga duka mapema, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Baada ya sala ya adhuhuri Hooyo akatoka, sahani ameificha chini ya shuka lake, ananyata. Huyu ndiye kwangu husema magoti hayamruhusu kufika chooni. Akaingia kwa mpangaji. Nikamfuata bila hodi.

Walikuwa wameketi mkekani, sahani katikati. Hooyo alikuwa anatafuna.

"Mwalimu!" nikafoka kwa Kiswahili chetu cha sokoni. "Mimi nabika chakula ya mzee, halafu wewe ndiyo nakula?"

Aliinuka. "Mama, mimi huwa nimeshakula. Akija ananisukumia nyama. Nikila tonge moja, naye anakula moja. Nikiacha, anaacha. Sasa nakula mchana mara mbili." Akatazama chini. "Mama yangu tulimzika Agosti. Nyumbani hakuna tena wa kunisukumia nyama."

Hooyo hajui Kiswahili. Akaniuliza kwa Kisomali kwa nini namgombeza mgeni wake. Nami nikamuuliza kwa nini kwangu hali chakula. Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto: tangu aolewe hajawahi kula peke yake. Nyumbani pakikosa watu, alingoja msafiri apite, hata kama ni mpaka jioni.

"Wewe unaniwekea chakula, unakifunika, unaondoka," akasema. "Paka ndiye analishwa hivyo."

Niliumia. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Huku kwetu mtoto anazaliwa anakuta watu wamezunguka sinia moja, na mimi kwa haraka za duka nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, nikamtafutia mama yangu daktari.

"Abaayo, nisamehe," nikamwambia mwalimu. Kumwita dada yangu kulinitoka vibaya, kwa kuwa kuomba radhi si kazi niliyoizoea.

Kesho yake nilirudi nyumbani adhuhuri. Nilimwita mwalimu tule wote, akakataa. "Leo kaeni wawili," akasema. Nikanawa mikono, nikaketi mbele ya Hooyo, nikafunua sahani.

Hakugusa kitu. Alinitazama usoni muda mrefu, kama anayekagua mbuzi anayeuzwa bei ya chini.

"Unataka nini kwangu?" akauliza.

"Nina njaa, Hooyo."

Hakuniamini. Alinisukumia kipande cha nyama, akangoja aone kama kweli nitakimeza.