Mkurugenzi wa Magodoro

Jina lake la kuzaliwa hata mkewe alilitumia pale tu alipokasirika. Mtaani kote alikuwa Mwewe, kwa jinsi alivyokuwa akiiona nafasi ya kuegesha kutoka mbali na kuishukia kabla mwingine hajakata kona. Nyingi za nafasi hizo hazikuwa nafasi. Zilikuwa milango ya watu, vituo vya basi, na siku moja kibaraza cha duka la vioo, alipoingiza gari nusu ndani nusu nje, akamwambia mwenye duka, "Tulia bosi, mimi mteja," kisha akaondoka bila kununua hata kioo cha kunyolea ndevu.

Alikuwa na pikapu kuukuu ya kijani, aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kazi yake ilikuwa kuchukua magodoro kwenye duka moja la jumla na kuyapeleka mabwenini, kwenye nyumba za wageni na kwa maharusi. Mzigo aliupandisha mpaka godoro la juu likawa linayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Halafu muziki, halafu honi. Honi yenyewe aliinunua kwa dereva wa lori la masafa marefu, na ukiisikia nyuma yako ulidhani treni imeacha reli imekufuata wewe.

Trafiki walimwandikia. Mungu anajua walimwandikia. Taa ya nyuma haiwaki, faini. Mzigo umezidi, faini. Anaongea na simu huku usukani ameushika kwa goti, faini, na siku hiyo hata askari alimsifu kidogo kabla ya kuandika. Mwewe alizipokea notisi kwa mikono miwili. "Asante afande, ubarikiwe." Kisha anaikunja notisi mara nne na kuichomeka mlangoni. Maana kioo cha upande wake kilikuwa kimelegea, kila shimo la barabarani kikizama chini chenyewe, na hakuna kitu kilichokikaba vizuri kama ile karatasi ya serikali, ngumu na nene. Mvua ikinyesha notisi ziliroa zikawa uji, naye akazikwangua kwa bisibisi, akangoja nyingine. Hakungoja sana.

"Lakini faini unalipa?" mkewe alimwuliza.

"Nalipaje na hawajanikumbusha?"

Walimkumbusha siku aliyokwenda kuongeza muda wa leseni. Binti wa dirishani akabonyezabonyeza kompyuta yake, akamtazama, akabonyeza tena.

"Mzee, wewe umefungiwa leseni."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kwani hapa umekujaje?"

Mwewe akageuka, akaiona pikapu yake kupitia mlangoni, imetulia juu ya maua ya ofisi.

"Nimetembea," akasema.

Masharti yalikuwa mafupi. Alipe faini zote ndipo afunguliwe. Akikamatwa anaendesha kabla ya hapo, leseni inafutwa moja kwa moja, na baada ya miaka ya kukaa bila kugusa usukani ataanza upya darasani, yeye na kitambi chake, pamoja na vijana, akifundishwa maana ya kibao cha kusimama. Na mwenye duka la magodoro hakuwa mtu wa subira. Mzigo ukilala leo, kesho anaita pikapu nyingine, nazo zilikuwa zimejipanga nje kama nzi kwenye bucha. Mwewe akarudi nyumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Unahitaji dereva," mkewe akasema.

"Dereva anataka mshahara."

"Yuko asiyetaka."

Akajua anamsema nani, akajifunika mto usoni.

Katika ukoo mzima, mwenye leseni safi alikuwa mmoja tu: mama mkwe. Bibi yule aliendesha gari la chanjo la idara ya afya mpaka akastaafu, kwenye barabara na pasipo barabara, na hajawahi kuandikiwa hata notisi moja. Mwewe aliyajua hayo tangu siku za uchumba. Tena siku hiyohiyo alipoambiwa, alicheka akasema, "Gari la chanjo aliendesha mama? Ndiyo maana watoto walikuwa wanapona wenyewe kabla halijafika." Aliyasema jikoni, akasahau kwamba jiko lile halikuwa na mlango.

Sasa alisimama mbele ya mama huyohuyo, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimesikia umepumzishwa."

"Kidogo tu, mama."

"Pole. Subira, baba. Hata gari la chanjo lilikuwa linachelewa, lakini linafika."

Mwewe akatazama vidole vya miguu yake. Mama mkwe alikubali, kwa ajili ya binti yake na wajukuu, akasema hivyo waziwazi ili pasiwe na kujidanganya. Kesho yake alfajiri alikuja na mto wa kukalia na miwani miwili. Kioo kilicholegea alikikaba kwa kipande cha ndala, kazi ya kufumba na kufumbua. Redio akaizima. Honi akaibonyeza mara moja, akaruka mwenyewe, akasema, "Hii tutaipiga siku ya kiama."

Basi Mwewe akawa utingo ndani ya gari lake mwenyewe. Ukiwa na mkwe ubavuni hutemi mate dirishani, na madereva wengine huwatukani. Matusi yalimjaa kifuani mpaka akapata kiungulia. Na kwa bibi yule, kila aliyetaka kupita alipita. "Pita mwanangu, pita." Mwenye baiskeli, pita. Mwenye mbuzi, pita. Mguu wa kulia wa Mwewe ulikanyaga mafuta hewani siku nzima, jioni ukawa umevimba.

Lakini magodoro yalifika makavu na kamili, na mwenye duka akaanza kuuliza, "Yule mama anakuja saa ngapi?"

Kwa madereva wenzake pale nje ya duka, Mwewe hakusema ukweli hata kidogo.

"Nimejipandisha cheo," aliwaambia. "Mimi sasa ni mkurugenzi. Nimeajiri dereva."

"Mkurugenzi gani anabeba godoro kichwani?"

"Mkurugenzi wa vitendo."

Wakamtazama, wakatazamana, wakamwacha. Afadhali angeambiwa mwizi kuliko wale wajue kwamba Mwewe amefungiwa mabawa na anaendeshwa na mama wa mkewe.

Siku mambo yalipoharibika walikuwa wanapeleka mzigo kwenye nyumba ya wageni inayotazamana na zahanati. Pikapu mbili za wale wenzake zilikuwa zimetangulia na vitanda. Mama mkwe alikuwa amekunywa chai nyingi.

"Baba, tafuta choo."

"Tukimaliza kushusha tu, mama."

"Tafuta choo sasa hivi, la sivyo hayo magodoro tutayazindua sisi."

Mwewe akainua shingo, na umwewe wote ukamrudia. "Pale, mama! Palepale!"

"Pale ni getini kwa zahanati."

"Dakika moja. Nani ataugua sasa hivi?"

Kwa mara ya kwanza tangu ashike usukani wa pikapu ile, mama mkwe alimsikiliza. Aliacha funguo kwenye gari, akaingia zahanati kwa mwendo ambao hakuna aliyejua kwamba bado anao.

Hajapotea machoni, gari la wagonjwa likakata kona na king'ora chake, likasimama pua kwa pua na pikapu. Ndani yake mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alikuwa anapiga kelele zinazokizidi king'ora. Na kutoka upande wa pili wa barabara akaja trafiki mnene, yuleyule aliyeandika nusu ya notisi zote za Mwewe maishani.

"Mwewe! Nilijua tu ni wewe. Sogeza gari!"

"Dereva anakuja, afande."

"Dereva si wewe?"

"Siku hizi mimi ni mkurugenzi."

"Basi mkurugenzi, sogeza gari!"

Watu wakajaa. Wenzake wa pikapu wakaacha vitanda, wakaja kusimama mbele kabisa, mikono viunoni. Mkono wa Mwewe wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye funguo, kwa mazoea. Ni kurudi nyuma kidogo tu. Lakini alimjua afande yule: angemwacha asogeze, angemshukuru, halafu angesema, "Haya, leseni." Na hapo ndipo mwisho wa pikapu, mwisho wa magodoro. Mwanamke mle ndani akapiga ukelele mwingine. Mwewe akazichomoa funguo, akampa askari dirishani.

"Sogeza wewe, afande."

Afande akazitazama funguo kama amepewa nyoka hai. Akainama, akashusha sauti. "Mimi sijui kuendesha."

"Nini?"

"Punguza sauti!"

"Miaka yote unanikamata, na kuendesha hujui?"

"Kwani daktari wa meno lazima awe kibogoyo?"

Wakatazamana, wanaume wawili, kila mmoja ameshika aibu yake. Mwewe akafungua mlango, akasimama juu ya ngazi ya gari.

"Nimefungiwa leseni!" akapaza sauti mpaka kwenye madirisha ya zahanati. "Faini sikulipa, wakanifungia! Anayeniendesha ni mama mkwe! Mimi si mkurugenzi wa kitu chochote! Mmefurahi? Haya, njooni tusukume!"

Kicheko kilichopigwa pale kiliwatoa wagonjwa vitandani. Lakini watu walikuja, na waliocheka zaidi ndio waliotangulia. Mwewe akazunguka upande wa usukani, akaingiza mkono ndani, akatoa gia, akalegeza breki ya mkono, akabaki chini amekamata usukani kupitia dirishani.

"Afande, kusukuma ni kuendesha?"

Afande akafikiria sheria. Akamsikia mwanamke. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya magodoro, akatia bega.

"Kusukuma ni kusukuma," akasema.

Pikapu ikalia kwa chini, ikasogea, gari la wagonjwa likapita. Mama mkwe alitoka akirekebisha nguo, akakuta gari lake liko kwingine, mkwe wake analowa jasho, na askari wa serikali anapepewa kwa kipande cha boksi.

Afande akarudisha kofia kichwani, na pamoja na kofia kazi yake.

"Nani aliliacha gari getini?"

"Mimi ndiye nilimwambia," Mwewe akasema haraka.

"Sikuuliza nani alisema. Nani alikuwa dereva?"

"Mimi, mwanangu," mama mkwe akajibu. "Andika."

Akaandikiwa. Notisi yake ya kwanza. Aliishika mbali, akaishika karibu, akabadilisha miwani akaisoma tena, kisha akaiweka kwenye pochi bila kumtazama Mwewe. Mwewe angepewa kofi angeshukuru. Walishusha magodoro, na gari likaelekea ofisi ya faini bila yeye kuulizwa. Karani alikuwa anafunga dirisha.

"Njoo kesho, mama."

"Silali na kitu hiki nyumbani kwangu," akasema, na mkono ukawa tayari ndani ya dirisha.

Alilipa kwa pesa za pensheni. Mwewe, nyuma yake, akataka kusema naomba nilipe mimi, akakumbuka mfuko wake ulivyo mtupu. Jioni hiyo alifungua honi, redio na spika zote mbili kwa bisibisi ileile ya kukwangulia notisi, akawauzia wenzake wa pikapu. Walicheka tangu mwanzo wa bei mpaka mwisho, wakamwita mkurugenzi mstaafu, na walilipa. Cha kwanza alimrudishia mama mkwe pesa yake. Kilichobaki kililipa faini nyingi, nyingine akazimaliza kidogo kidogo kwa kazi ya magodoro, mama akiendesha, yeye akibeba.

Leseni alirudishiwa na binti yuleyule wa dirishani. "Leo umekujaje?" akamwuliza.

"Nimeletwa."

Nje, mama mkwe alikuwa ameshahamia upande wa utingo na mto wake. Mwenye duka alikuwa ameagiza kwamba mzigo aendeshe mama, basi walikubaliana: kwenda na magodoro ni mama, kurudi gari tupu ni Mwewe. Siku hiyo gari lilikuwa tupu. Mwewe akakaa, akashika usukani, machozi yakamlenga, akajifanya anakohoa.

"Lala kidogo, mama, nitakuamsha tukifika."

"Nitalala nyumbani, baba. Kuna taa nyekundu mbele."

"Nimeiona, mama."

"Najua umeiona. Simama."

Akasimama.