Pakiti ya Nne ya Barafu

Saa kumi na moja alfajiri, Elinami Swai anatoa pakiti nne za barafu kwenye friza ya zahanati, anazipanga mezani, kisha anaketi mbele yake na kusubiri. Nje, mteremko wa magharibi wa Mlima Meru umefunikwa na ukungu, na baridi inapenya chini ya mlango.

Baada ya nusu saa anainua pakiti moja, anaisogeza sikioni na kuitikisa. Bado. Muuguzi wa zamu, Fransiska, anapita na ndoo na kumuuliza kama mtandao umepatikana au mwenzake kakata simu. Elinami anairudisha pakiti mezani. Ametaniwa hivyo tangu Machi.

Ana umri wa miaka 54, mkazi wa Olasiti anayeitwa Mama Rachel na majirani, na ni mhudumu wa zahanati hiyo. Hachomi sindano wala haandiki dawa. Anafagia, anaosha vifaa, na siku za kliniki za vijijini anapakia chanjo kwenye kasha la baridi, kwa mshahara wa Sh220,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo alitumikia miaka kumi na mmoja katika kituo cha kukusanyia maziwa huko Usa River, ambako kanuni ilikuwa moja tu: baridi ikizidi, maziwa yanadumu zaidi.

Chanjo haifuati kanuni hiyo. Wengi huhofia kwamba joto litaiharibu, na ni haki yao. Wachache wanajua kwamba chanjo ya homa ya ini aina ya A ikiganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kwa sababu hiyo barafu haitolewi kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja kwenye kasha. Huachwa ianze kuyeyuka hadi maji yasikike ndani ya pakiti.

Machi mwaka huu maradhi hayo yalizuka katika shule ya msingi iliyo kilomita tisa juu ya zahanati. Uchafu wa choo ulikuwa umepenya kwenye bomba la maji. Macho ya watoto wanne yaligeuka manjano, na mkojo wao ukawa kama chai ya rangi. Kwa kuwa chanjo hiyo haimo katika orodha ya zile zinazotolewa kwa kila mtoto, dozi za dharura zililetwa kutoka mjini.

Asubuhi ya safari, Elinami alitikisa pakiti tatu akasikia maji. Alipoishika ya nne, gari lilipiga honi. Akaipakia bila kuisikiliza.

“Nilijiambia baridi ikizidi kidogo si neno,” anasema. “Hayo yalikuwa mawazo ya maziwa.”

Kifaa cha kuonyesha kama chanjo imeganda kilikuwa kimeisha betri. Siku hiyo walichanjwa watoto 186. Wazazi wa wengine 41 walikataa. Vichupa vitupu viliteketezwa jioni ileile. Kipimo pekee kilichobaki kilikuwa watoto wenyewe.

Siku ya sita, Gidion, mwenye miaka tisa na alama ya sindano begani, aliamka na macho ya manjano. Mama yake, Naisiae, ambaye ni mkulima na mfugaji, alimleta zahanati na kumkuta Elinami akifagia baraza.

“Mama Rachel, mwanangu mlimchoma chanjo au maji ya bomba?” aliuliza. “Maana ya bomba anayo ya kutosha shuleni.”

Elinami aliweka ufagio kando, akawaingiza ndani. Mchana alimwendea mganga mfawidhi, Ludovick, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akamweleza habari ya pakiti ya nne. Alitarajia kufukuzwa.

Ludovick alimsikiliza hadi mwisho, akaandika taarifa ya kupeleka wilayani, kisha akamweleza kwamba virusi hivyo hukaa mwilini wiki mbili hadi saba kabla ya dalili kuonekana, mara nyingi kama wiki nne.

“Gidion alikunywa ugonjwa huu kabla hatujamwona, Mama. Huyo si wa barafu yako,” alimwambia. “Lakini kama iliganda au haikuganda, sijui, na sitakudanganya. Tuhesabu wiki tano, maana walioambukizwa kabla ya sindano wengi watakuwa wameshaonekana. Wakiendelea kuugua, tunawachanja wote upya.”

Elinami akaanza kuhesabu. Anakiri kwamba watoto walipomwamkia njiani aliwatazama machoni kwanza, ndipo akaitikia marahaba. Siku ya kumi na moja akaugua mtoto wa pili katika waliochanjwa, siku ya kumi na sita wa tatu. Usiku wa siku hiyo hakulala.

Baada ya hapo hakuna mwingine aliyechanjwa aliyeugua. Bomba halikutengenezwa hadi siku ya 24, na watoto wote walikuwa wakinywa maji yaleyale. Hata hivyo walioendelea kuletwa zahanati ni wale wasiochanjwa. Siku ya 35, Ludovick alimwita, akamwamkia kama kawaida na kumwonyesha daftari.

“Imefanya kazi, Mama.”

Elinami aliketi kwenye benchi la wagonjwa na kuomba maji ya kunywa.

Hesabu ilifungwa wiki ya saba: waliougua ni watatu kati ya 186 waliochanjwa, na kumi na mmoja kati ya 41 wasiochanjwa.

Shule moja si utafiti. Baadhi ya watoto huenda waliugua wakiwa wadogo bila mtu kujua, maana katika umri huo maradhi haya mara nyingi hupita bila dalili, na hao wangekuwa na kinga hata bila sindano. Lakini hesabu hiyo haipingani na wataalamu, wanaosema kwamba dozi moja hulinda zaidi ya watoto tisa kati ya kumi, na kwamba hata aliyekwisha kunywa maji machafu huweza kuokolewa akichanjwa ndani ya wiki mbili.

Dozi ya pili itatolewa Oktoba. Kila Jumamosi Elinami hupanda mlima kwa miguu kuzitembelea nyumba za watoto 30 ambao hawakuchanjwa wala hawakuugua, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Wazazi wa 23 wamekubali. Anataka kuwafikia wote kabla mvua za vuli hazijaanza.

Wiki iliyopita Naisiae alimsimamisha njiani, akauliza kama Gidion, ambaye amepona, apelekwe tena kuchanjwa.

“Gidion kinga yake ameshaipata kwa kuugua,” Elinami alimjibu. “Mlete Silantoi.”

Silantoi, mdogo wake Gidion, ataanza shule Januari. Naisiae alikubali, kisha, kwa kuwa habari ya barafu ilikuwa imemfikia, akataka kujua kama safari hii itatosha.

Elinami alimwambia itatosha, na haitazidi.