Sakafu ya ujamaa iliyokaushwa kwa majiko ya mkaa, na wadudu wa mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, na asiyeamini yuko huru kupita.

Nimesukumwa na uzi wa jana wa mkuu mmoja humu, anayelia kwamba majengo ya enzi za ujamaa hayapasuki, mafundi walikuwa mafundi, viongozi walikuwa viongozi. Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha kupanga hapa nilipo.

Mimi naikumbuka milima ya Usambara kuliko wengi wenu. Nimezunguka nchi hii, sijaona mahali pa kufananisha na kwetu juu ya Kwai, ukungu ukishuka asubuhi huoni ng'ombe aliye mbele yako. Lakini kukumbuka ni kitu kimoja, kudanganyana ni kingine.

Nilikuwa darasa la pili. Kijiji kilikuwa kinajenga duka la ushirika. Saruji ilikuwa adimu kama dhahabu, tukaletewa mgao mmoja tu.

Fundi wa sakafu alikuwa baba yangu. Aliahidiwa kwamba sakafu ikitoka vizuri, atapewa na kazi ya madarasa ya shule. Ikiharibika, hakuna kazi nyingine pale, tutashuka bondeni kutafuta riziki. Mama alikuwa akiomba kila siku tusishuke.

Mama alikuwa shamba la kijiji kutwa, kwa hiyo mdogo wangu Mwanaidi, ambaye hata meno ya mbele hayajaanza kung'oka, alishinda na baba kazini. Mimi nikitoka shule nakwenda hukohuko.

Baba alimwaga zege, akalivuta kwa ubao, akasubiri, akapiga niru, ile saruji laini ya juu, kwa mwiko mpaka ikang'aa. Kisha akafunika chumba chote kwa magunia ya katani yaliyolowa maji. Watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, walipangiwa kupandisha maji kutoka mtoni kwa madebe, kila siku.

Chini ya magunia yale, kwa unyevu ule, wakaingia wadudu. Mnawajua: wa kijivu, miguu mingi, wanakaa chini ya mawe na magogo yaliyooza, ukimgusa anajikunja mviringo. Mwanaidi akawaita goroli. Akawafuga kwenye kopo la maziwa, akawawekea udongo na maganda ya viazi.

Baba badala ya kumkataza, naye akaingia kwenye ufugaji. Asubuhi swali la kwanza: "Goroli wameamkaje?"

Halafu wakagundua jambo. Pembe ya gunia ikianza kukauka, wale wadudu wanahama. Basi Mwanaidi akawa anafunua pembe moja baada ya nyingine.

"Tate, huku wamehama!" anamwita baba kwa Kisambaa.

Baba anabeba debe, anamwaga.

Sasa ingia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Sifa zake mbili: sauti, na koti refu la mvua ambalo hakuna mwingine alikuwa nalo. Hakuwahi kushika mwiko maishani.

"Shikamoo, Mwenyekiti," baba akamwamkia.

"Marahaba. Fundi, hii sakafu yako mbona inatoka jasho mpaka leo?"

"Si jasho, ni maji yangu. Nainywesha."

"Unainywesha? Ni mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaidi akapaza sauti kwamba goroli wamehama mlangoni. Baba akaenda na debe.

"Kumbe mkaguzi wetu ndiye huyu!" Mwenyekiti akasema. "Na ofisi yake iko kwenye kopo!"

Wakuu, nisimame kidogo hapa. Kiswahili kinatuponza kwa neno moja: kukauka. Tunasema saruji imekauka tukimaanisha imekuwa ngumu. Mtu anaamini kwamba ugumu unaletwa na ukavu, kama tofali la udongo juani. Ni kinyume. Zege linakunywa maji ndipo likomae, ukilinyima linakufa changa. Hadi leo naona watu wanajenga nyumba za mamilioni, wanamwaga zege leo, kesho wanalianika kama dagaa. Na simu zao zina intaneti.

Turudi. Habari ikapanda kutoka Lushoto mjini kwamba mkubwa wa wilaya anakuja kufungua duka. Mwenyekiti akachanganyikiwa. Sakafu bado nyeusi kwa maji, ukungu umetanda, jua halionekani.

Akatoa amri: magunia yatoke, yaletwe majiko ya mkaa. Sakafu ikaushwe.

Mnasoma vizuri? Majiko. Ya mkaa. Juu ya zege changa.

"Mwenyekiti, ukiweka moto hapa mimi simo," baba akasema.

"Humo wapi? Fundi ni wewe. Au unapinga kijiji?"

Waliokuwepo enzi zile wanajua uzito wa neno hilo. Na wala sitampamba kwa kuwa ni baba yangu: jiko la kwanza alilibeba yeye mwenyewe.

Kilichochelewesha moto ni Mwanaidi. Magunia yalipofunuliwa, goroli walitapakaa kila upande, naye akaketi katikati ya chumba akilia kwamba wataungua. Baba akaliweka jiko chini pale mlangoni, akapiga magoti, akaanza kuwaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo.

"Fundi anaokota kunguni!" mmoja akapiga kelele, na watu wakashikana mbavu.

"Mgeni yuko njiani wewe unachezea wadudu?" Mwenyekiti akafoka.

"Ngoja watoke," baba akajibu, bila kuinua kichwa. "Hawa hawana kamati."

Hakuinuka hadi kona zote zikaisha. Ndipo majiko yakaingia.

Asubuhi sakafu ilikuwa nyeupe pe. Mwenyekiti akatembea juu yake kifua mbele. "Mnaona? Imekauka!"

Mkubwa akaja, akakata utepe, akina mama wakaingia na ngoma. Waliporuka mara chache tu, vumbi likapanda. Niru ilikuwa inamenyeka kama unga wa muhogo. Kufikia mwisho wa wimbo mgeni anakohoa, viatu vyake vyeusi vimekuwa vya mwokaji mikate, na ufa umepita kutoka mlangoni hadi ukutani.

"Hii saruji mlichanganya na nini?" akauliza.

"Ndugu, jibu analo fundi," Mwenyekiti akasema haraka, kidole kikimwelekea baba.

Nikasubiri baba aseme majiko. Wanakijiji wote walikuwa pale, wote walibeba mkaa. Kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake.

"Ni kazi yangu, Ndugu," baba akasema.

Madarasa ya shule akapewa mtu mwingine. Sisi tukashuka Mombo, kwenye joto na malori, na tangu hapo sijui kukaa mahali pamoja. Mama hakuwahi kupazoea.

Miaka ikapita. Siku moja Mwenyekiti akashuka kwenye basi pale Mombo, amezeeka, koti lilelile. Baba akamkaribisha chai. Mzee akanywa, akapangusa midomo, akasema:

"Fundi, ile sakafu tuliikausha vizuri sana. Ubaya ulikuwa saruji."

"Ndiyo, Mwenyekiti," baba akajibu, akamwongezea chai.

Nilitoka nje nisije nikamvunjia mzee heshima.

Funzo langu, wakuu: kabla ya kutuimbia uimara wa zamani, uliza nani alitoa amri na nani alisingiziwa. Na zege lako linyweshe, hata kama jirani anakucheka.

Uwanja ni wenu. Mwenye jengo la namna hii kijijini kwao aliweke hapa. Na wewe mkuu wa uzi wa jana, usikimbie. Ile picha uliyotuwekea ya ukuta mzuri, tuonyeshe na sakafu.