Dua Yangu Ilipofika Hungaria

Kuna aibu mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu Kibuyuni nzima wanayo, basi bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Mejumaa (nimemlea mimi, kwa mwani huu huu ninaouanika) yuko Hungaria akisomea yanayopita moyoni mwa mtu anaposali. Ndiyo, yasomewa. Zamani serikali yao ya kikomunisti haikutaka habari za Mungu chuoni, na mwalimu wake, mzee wa umri wangu, asema mpaka ilipoanguka ndipo elimu hiyo ikapata pumzi, na sasa wawauliza watu wa kila dini.

Zamu ikanifikia. Nikavaa leso mpya, nikawaita wenzangu wa mwani waje wanione, simu tukaiegemeza kwenye kopo la sukari, darasa zima latutazama. Mwalimu akauliza, Mejumaa akafasiri: "Bibi, ukiomba, waomba nini?"

"Namuombea mjukuu wangu elimu," nikasema, kifua mbele.

Mara adhana ya alasiri. "Kata simu, bibi, usali kwanza," akasema Mejumaa. Mimi kukata najua, kupiga sijui, nikaona nikikata simpati tena, nikaigeuza tu ikatazama ukuta (nikadhani isiyoona haisikii).

Tukasali. Kwetu dua huombwa kwa sauti, wenzako wakuitikie, basi nikainua mikono: "Ya Rabbi, mwaka wa tatu huu nala peke yangu. Mfelishe Mejumaa mtihani, mmoja tu, arudi nyumbani."

"Amin," wakaitikia wote, jirani yangu Mwanakombo kwa kwikwi.

Ukutani kukasikika: "Bibi."

Nikaigeuza simu, mtoto machozi tele. Mwalimu akamuuliza kitu. "Ataka kujua umeomba nini," akasema Mejumaa.

"Mwambie."

Akamwambia. Mzee akavua miwani, akajibu polepole.

"Asema mama yake aliomba kwa kunong'ona, akiwaogopa majirani wasimsemee kwa serikali ile. Amekufa, na yeye hajui alikuwa akiombewa nini."

Nikakosa pa kuweka uso. "Nisamehe, mwanangu."

"Nami natamani kuja, bibi. Lakini niache nimalize."

Tangu siku hiyo, adhana ikilia simu naitia ndani ya sufuria, nafunika na kifuniko. Na dua nimeibadili: afaulu mitihani yote, ila afaulu upesi.