Jumapili Niliyomshusha Mtandio

Binti yangu aliungua uso tukichemsha mawese nyuma ya nyumba, hapa Buzebazeba. Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi mzima, ila shavu la kushoto limevutwa juu na jicho la upande huo halifungi vizuri. Mimi nilishukuru. Nimelelewa kuanza na shukrani kabla ya ombi lolote, na kwa miaka mingi ya uzee wangu wa kanisa nimewafundisha wengine hivyo hivyo.

Kwetu, aliyepona hupelekwa mbele siku ya Jumapili na sadaka yake, na mkubwa wa nyumba husimulia Mungu alivyotenda. Nikamtafutia jogoo.

"Baba, tushukuru hapa nyumbani," aliniomba. "Kwani Mungu hayupo jikoni?"

"Mema ya Mungu hayafichwi, mama."

"Hawatayaangalia hayo mema."

Nilimwona mkaidi. Tulipofika mbele ya kanisa nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma: nikamshusha mtandio, ili watu waone Bwana alikotutoa.

Nikaanza kusimulia. Sikumaliza sentensi ya pili nikajua hakuna anayenisikiliza. Watoto walipanda juu ya mabenchi. Wazee wenzangu walinyoosha shingo. Mama mmoja alimwambia jirani yake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Yoo, na alivyokuwa mzuri! Nani atamwoa sasa?"

"Hebu sogea na mimi nione," jirani akajibu.

Jogoo akamponyoka binti yangu, akakimbilia chini ya mabenchi, watu wakacheka. Walimcheka jogoo. Lakini binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, hakujua wanacheka nini.

Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Walimwangalia tu.

Tangu siku hiyo hajaenda Bangwe, alikokuwa akiuza dagaa. Hatoki chumbani. Chakula kinaingia na kurudi kama kilivyo, na mikono yake imekuwa myembamba hata bangili hazikai. Waumini wanakuja kutupa pole, wananiamkia huku macho yao yamepita begani kwangu, kwenye pazia la mlango wake. Nimesali hadi maneno yameniisha. Siku hizi napiga magoti na kunyamaza, nikitumaini kwamba hilo nalo linasikika.

Leo asubuhi nilimpelekea uji.

"Kula, mama yangu. Vijiko viwili tu."

"Tangu nirudi hospitali," akasema, "hujaniangalia machoni, baba. Ukisema nami unaangalia shavu. Wale wa kanisani wanarudi kwao. Wewe naishi nawe."

Nilitaka kukana. Nikainua macho ili nimwonyeshe kwamba amekosea, nayo yakaenda kwenye shavu, yenyewe, kama yalivyozoea. Akaona.

"Nisamehe," nikasema. "Hata mtandio, nisamehe."

Alijifunika, akageukia ukutani.

"Toka kwanza. Siwezi kula nikiangaliwa."

Nikaliacha bakuli karibu na mkono wake, nikatoka. Nimekaa chini nje ya pazia, mgongo wangu ukiwa upande wake, nasikiliza kama kijiko kitagonga bakuli. Ee Mungu, mara moja tu. Uji utakuwa umeshapoa. Bado sijasikia kitu.