Karatasi Aliyoiruka Mbelu

Mwaka ule wa 1993, pale stesheni ya Kolwezi, mtu mwenye kalamu aliogopwa kuliko mtu mwenye panga. Panga unaliona likija. Kalamu ndiyo iliyotangulia kupita mtaani Musonoi, mikononi mwa vijana waliojifanya wanatafuta nyumba ya rafiki huku wakiandika majina, na wiki haikuisha kabla milango ya watu wa Kasai haijaanza kupigwa mateke. Kwa hiyo Mbelu alipoketi kwenye kona ya hangari la mizigo, akatandaza mapajani vipande vya mfuko wa saruji na kuanza kuandika, majirani zake walihamisha mikeka yao kimyakimya.

Angeweza kuacha. Lakini Mbelu alikuwa mkaidi tangu tumboni, na kuandika ndiko kulikokuwa dawa yake.

Waliokuwa hangarini walisubiri treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ya mababu zake, ambayo Mbelu hakuwahi kuiona hata siku moja. Yeye alizaliwa Musonoi, kando ya shimo la shaba, binti wa Tata Kankolongo, yaani Baba Kankolongo, aliyeendesha treni ya mgodini mpaka akazeeka. Sasa baba na binti walikuwa wanafukuzwa waende "kwao." Mumewe, Mukuna, alikwishatangulia kutafuta mahali pa kulala. Mbelu alibaki na mzee huyo na binti yake mwenyewe, Tatiana, mtoto wa miaka minane, mkimya kupita kiasi.

Na ndani ya hangari kulikuwa na mtu anayetoa habari nje. Vijana waliokuwa wakizunguka stesheni waliingia mara mbili, na hawakuhangaika kupekua. Mara ya kwanza walikwenda moja kwa moja kwenye cherehani iliyofichwa chini ya godoro. Mara ya pili walichukua redio iliyoviringishwa ndani ya nepi za mtoto. Nani alijua habari za nepi? Tangu hapo kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Hata Mbelu alikuwa na mtu wake wa kumshuku, mwanamke mmoja aliyecheka kuliko inavyomfaa mtu aliyepoteza nyumba.

Alichokiandika yeye kilikuwa utoto wake. Mwaka uliotangulia, kwenye darasa la akina mama parokiani, mwalimu aliwaambia waandike jambo ambalo hawajawahi kumwambia mtu. Wenzake waliandika habari za ndoa zao, na kwa kweli walikuwa na mengi ya kusema. Mbelu aliandika habari za gamela, kile kikopo cha bati ambacho baba yake alibebea chakula kazini. Mzee akirudi na kukiweka mezani polepole, watoto walikula kwa amani. Kikigonga meza, Mbelu alikimbilia nyuma ya jiko, na mkanda ukamfuata hukohuko. Hakuna aliyemwambia kosa lake. Alipomaliza kuandika alilia, akaona kifua chepesi. Toka siku ile, hasira ikimpanda mbele ya mtoto, aliikimbilia kalamu na mkono ukapoa. Si kila mara.

Siku ya nne, mchana, Beya alimjia akiwa na wanaume wawili. Huyu ndiye watu wa hangarini waliyemchagua kugawa nafasi kwenye mabehewa, na yeyote asiyepewa nafasi angebaki mikononi mwa wale vijana wa nje. Watu walisogea kusikiliza.

"Mama Tatiana," Beya alisema, "bantu banaogopa. Ile unaandika, utusomee. Kama ni majina yetu, hautapanda mu treni. Weye, muzee na mutoto."

Mbelu alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa ameketi juu ya furushi lake, gamela ileile mkononi, imejaa maji. Macho yake nayo yalikuwa yamejaa shaka, kama ya wengine wote.

"Soma," akamwambia. "Batatuacha hapa."

Basi akasoma. "Mi nilikuwa nasikiliza gamela. Ikigonga mu meza, nilijua ni mi." Alisoma habari za nyuma ya jiko, za mkanda, za mama aliyeongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie. Wanaume waliowahi kufanya kazi na Kankolongo walimtupia macho mzee, wakayaondoa haraka. Mbelu aliona haya, na ndani ya haya ile kulikuwa na furaha kali, furaha ya mtu anayelipiza. Mwache afurahi, aliisubiri miaka mingi.

Lakini Beya hakuwa mjinga. Aliona kipande kimoja kikisukumwa chini ya paja.

"Umeruka moja."

Mbelu akasema hakina kitu. Nani angeamini? Kicheko cha yule mwanamke kilikatika, mtu nyuma akanong'ona kwamba hicho ndicho chenye majina, na duara likawabana. Tatiana hakumtazama Beya wala umati. Aliitazama mikono ya mama yake. Hapo Mbelu akajua kwamba mtoto anajua kilichoandikwa mle, kwa sababu kilimhusu yeye. Kumfedhehesha baba kulikuwa kwepesi. Hiki kilimfedhehesha yeye mwenyewe.

Alikitoa akasoma. "Juzi nimemupiga Tatiana na mwiko, juu ya unga alimwanga. Kiisha nikaona: kabla nimupige, alikuwa anaangalia vile nitaweka sufuria chini. Mutoto yangu anasikiliza sufuria."

Wengi waliyaona ya juzi, maana yalitokea palepale hangarini. Mbelu alikikunja kile kipande, akamwinamia mwanawe. "Ni mi nilikosa, hapana weye," akamwambia. "Unga ni unga tu."

Beya alichukua karatasi zote, akazigeuza huku na huku asione orodha ya majina, akazirudisha bila kumtazama usoni. Akawaambia wafunge mizigo, nafasi yao ni behewa la tatu. Aliyekuwa akitoa habari hajajulikana mpaka leo, na yule mwanamke, treni ilipokuja, alipanda akicheka.

Baada ya kusomwa karatasi zile, Mzee Kankolongo hakusema neno tena, hata siku ya kuondoka. Mbelu alikiogopa kimya chake kuliko alivyowahi kuuogopa mkanda. Walipokuwa wameipita stesheni ya Tenke, wamebanana juu ya mafurushi, mzee akakohoa.

"Ile karatasi ya gamela iko wapi?"

Mbelu akaibana kifuani. Mlango wa behewa ulikuwa wazi, na kuitupa nje ni kitendo cha mara moja. Akamuuliza anaitakia nini.

"Iko na nafasi chini?" mzee akauliza. "Mi sijue kuandika. Andika na ya tata wangu. Yeye alikuwa anakohoa kabla ya kuingia mu nyumba. Siye batoto tulikuwa tunasikiliza kukohoa."

Mbelu aliitazama kwanza mikono ya baba yake, kama alivyozoea. Ilikuwa imeshika gamela, imetulia. Kisha akamwomba Tatiana kalamu aliyokuwa amemshikia.